Meja Elius Mtewele na Hanga Alilosema Linakalika

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, maafisa na askari mliotumwa kumsindikiza mwenzenu, majirani wa Lyamkena, ndugu mliofika kutoka Kichiwa, Njombe mjini, Ludewa na Makete, nawasalimu wote, kamwene, na poleni kwa baridi hii ya Juni iliyotukuta tukiwa uwanjani. Mimi ni Joackim Mtewele, mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujampeleka alikopangiwa kulala.

Kabla sijaanza, naomba mnielewe kwa jambo moja. Mwezi wa pili mwaka huu, marehemu akiwa bado anaweza kukaa kitini, aliniita nyumbani kwake akaniambia kwamba siku yake ikifika mambo ya kazini kwake yasomwe yote, kama yalivyokuwa, yasipunguzwe wala yasipambwe. Jana tulikaa kikao cha ukoo, wapo waliosema, tena kwa upendo tu, kwamba msibani si mahali pa kutaja makosa ya mtu, na kwamba watoto wake wasisikie tena yale mambo mbele ya wageni. Shemeji yangu Anneth, mjane wa marehemu, alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Msome yote. Yeye mwenyewe alishayasema mbele ya watu waliokuwa na haki ya kumpiga, ninyi mnamficha nani?" Basi nitasoma yote.

Marehemu Meja mstaafu Elius Mtewele alizaliwa tarehe 3 Machi 1963 kijijini Kichiwa, wilaya ya Njombe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Mika Mtewele na mama yetu Oliva, wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwaka huo huo, akapata kipaimara mwaka 1977. Baba yetu alikuwa mpasua mbao, na Elius ndiye aliyependa kumfuata msituni, akashika kamba ya kupimia kabla hajajua kusoma, na hata alipokuwa mtu mzima alikuwa akiingia kwenye nyumba ya mtu anatazama kwanza dari, halafu madirisha, ndipo anawasalimu wenyeji.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 katika shule ya msingi ya pale kijijini, akamaliza la saba mwaka 1977, akachaguliwa kwenda sekondari mjini Njombe, alikosoma kuanzia mwaka 1978 hadi 1981. Mwaka 1982 alikwenda kulitumikia taifa, na mwaka 1983 akaandikishwa jeshini. Mwaka 1986 alitunukiwa kamisheni na kuwa afisa, siku ambayo baba yetu alisafiri kwa mara ya kwanza maishani mwake nje ya mkoa, akarudi akitembea kama aliyevikwa yeye zile nyota. Kuanzia mwaka 1988 hadi 1990 marehemu alisomea ufundi wa majengo Dar es Salaam, na kazi yake yote jeshini baada ya hapo ilikuwa ya kujenga na kukarabati.

Tarehe 1 Septemba 1990 alifunga ndoa na mwalimu Anneth Mligo katika usharika wa kwetu Kichiwa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Beatrisi aliyezaliwa mwaka 1991, Edson mwaka 1994, na Geofrey mwaka 1998, na wajukuu wanne. Makao yao ya kwanza yalikuwa chumba kimoja cha kambini kilichovuja pande zote, kiasi kwamba Beatrisi alipokuwa mchanga alilazwa kwa nimonia, na marehemu, wakati huo akiwa luteni, alikwenda ofisini kwa wakubwa wake na kusimama pale, akakataa kuondoka mpaka alipopewa mabati. Nalisema hilo ili ijulikane kwamba hakuwa mtu asiyejua. Alilala chini ya paa linalovuja, aliuguza mtoto kwa sababu ya paa hilo, na alipigania. Ndiyo maana yaliyofuata yalimwumiza kuliko ambavyo yangemwumiza mtu mwingine.

Alipanda cheo hatua kwa hatua, akawa meja mwaka 2007, na mwaka 2009 alihamishiwa kwenye kambi moja ya nyanda za juu kuwa msimamizi wa majengo. Jina la kambi hiyo sitalitaja, maana wenzake wa wakati ule wengi wako hai, na marehemu alisisitiza kwamba aliyetaka asemwe ni yeye, si wao.

Katika kambi hiyo kulikuwa na hanga, yaani bweni la askari wasio na familia, lililojengwa zamani, paa lake limeoza, mbao za madirisha zimeanguka na mahali pake pamezibwa kwa magunia ya mbolea. Mwanzoni mwa mwaka 2011 zilikuja fedha za ujenzi, na fedha hizo zilitosha jambo moja. Wakati huo huo kulikuwa na taarifa kwamba magari mapya ya deraya yangeletwa kambini, na kwamba ujumbe kutoka juu ungefika mwezi wa sita kuyakagua. Mkuu wa kikosi aliitisha kikao, akaeleza kwamba fedha zinaweza kukarabati hanga au kujenga banda la magari, akamgeukia marehemu kwa kuwa ndiye mwenye taaluma, akamwuliza kipi kianze. Marehemu alitueleza jibu lake neno kwa neno. Alisema, "Banda, afande. Askari wamezoea baridi, magari hayajazoea."

Watu kikaoni walicheka, mkuu wa kikosi akacheka, marehemu naye akacheka nao, na jambo likaandikwa hivyo. Marehemu alisema kwamba hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna aliyemtisha, bali alijua kwamba banda litaonekana na wageni na hanga halitaonekana, na kwamba mtu aliyejenga kinachoonekana hukumbukwa wakati wa kupandishwa vyeo.

Banda lilijengwa, tena likajengwa vizuri, sakafu ya zege, bati nzito, milango mipana isiyopitisha upepo. Aliyetengeneza milango hiyo alikuwa askari kijana wa cheo cha chini, jina lake Remmy Tweve, mwenyeji wa Ipelele, wilaya ya Makete, seremala aliyejifunza kazi kwa mjomba wake kabla hajaingia jeshini. Marehemu alimpenda kijana huyu kwa sababu ya mikono yake, na walizoea kuzungumza habari za mbao wakati wa mapumziko. Milango ilipokwisha yalibaki mabaki ya plaiwudi, na Remmy akaja ofisini, akapiga saluti, akaomba apewe yale mabaki akazibe madirisha ya hanga, kazi ambayo angeifanya mwenyewe Jumamosi. Marehemu alimjibu, "Subiri ukaguzi upite kwanza, Tweve. Wasije wakaona plaiwudi ya banda imekwenda kwingine." Remmy akasema sawa, afande, akaondoka.

Ukaguzi ulifanyika mwezi wa sita, wageni walisifu banda, marehemu akapewa barua ya pongezi, na zile plaiwudi zikabaki zimelala nje nyuma ya banda, zikanyeshewa na manyunyu mpaka zikavimba na kuachana. Marehemu alikuwa akipita karibu yake kila siku akienda ofisini. Alituambia kwamba hakukataa kumpa yule kijana, ila alisahau, na kwamba katika mambo yote aliyoyafanya, hilo la kusahau ndilo alilokosa namna ya kulieleza hata kwa Mungu.

Mwezi wa saba baridi ilikuwa kali kuliko miaka mingine, asubuhi nyasi za uwanja wa gwaride zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Remmy alishikwa na homa, akawa anatetemeka, na pale hangani upepo ulimfikia kitandani. Rafiki yake, askari Ambrosi Haule, mwenyeji wa Lugarawa, wilaya ya Ludewa, alimwonea huruma, akamhamishia kwenye stoo ndogo iliyokuwa mwisho wa hanga, chumba kisicho na dirisha lolote, akaomba jiko la mkaa jikoni, akaliingiza humo, akafunga mlango ili mwenzake apate joto, akalala naye. Asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Julai 2011 wote wawili hawakuonekana kwenye paredi, mlango ukavunjwa, wakatolewa. Ambrosi alizinduka hospitalini. Remmy alifariki kabla hajafikishwa, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Iliundwa bodi ya uchunguzi, na mmoja wa walioitwa kutoa maelezo alikuwa marehemu. Aliulizwa hali ya hanga. Angeweza kusema habari za magunia ya mbolea, za paa, za kikao, za plaiwudi. Alijibu, "Hanga linakalika." Hakuulizwa zaidi. Ikaandikwa kwamba hanga lilikuwa linakalika, kwamba askari hao waliliacha kwa hiari yao na kwenda kulala stoo na moto kinyume cha taratibu za kambi, na kwamba kosa lilikuwa lao. Ambrosi akafukuzwa jeshini.

Halafu marehemu akateuliwa kuongoza msafara wa kupeleka mwili Ipelele. Alikwenda, akasimama kaburini akiwa na sare kamili, akasoma taarifa iliyosema kwamba kijana huyo amefariki kwa kukiuka taratibu. Hazikupigwa risasi za heshima. Baada ya maziko mama yake Remmy, Mama Esnath Tweve, ambaye yuko nasi hapa leo, alimchukua marehemu jikoni kwake, akamketisha karibu na moto, akampa viazi vya kuchemsha na chai, akamshukuru kwa kumrudishia mwanawe, akamwomba radhi kwa kuwa mwanawe aliwapa usumbufu. Marehemu alivila vile viazi. Alisema hakujua afanye nini kingine.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2015 kwa heshima zote, akahamia hapa Makambako, akajenga nyumba hii, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, akawa mzee wa usharika na mjumbe wa kamati ya ujenzi. Majirani mnakumbuka tabia yake moja, kwamba ikifika Juni alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani ameingiza jiko la mkaa ndani, na akilikuta analitoa mwenyewe nje kwa mikono, hata kama kuna sufuria juu yake, na wengi wenu mligombana naye, mkasema ni ukali wa kijeshi. Shemeji Anneth naye alidhani hivyo. Hakuwa amemweleza mtu yeyote.

Ilikuwa mwaka 2019, Geofrey alipochaguliwa kujiunga na jeshi. Alirudi nyumbani na furaha, mama yake akachinja kuku, tukakaa mezani, mimi pia nilikuwepo, na ikafika zamu ya baba kumbariki mwanawe. Marehemu alisimama, akakaa, ndipo akaanza kutueleza haya niliyoyasoma, kuanzia kikao mpaka vile viazi, bila kumtazama yeyote. Alipomaliza hakuna aliyegusa chakula. Geofrey ndiye aliyezungumza, akasema, "Sasa baba, mimi unaniaga vipi?" Wiki hiyo hiyo marehemu alinifuata dukani kwangu, akaniomba nimwendeshe hadi Ipelele.

Tulifika tarehe 19 Septemba 2019. Mama Esnath alikuwa shambani anavuna viazi, akamtambua marehemu kabla hajasema jina lake, akapangusa mikono ili amsalimu. Marehemu alimwomba asimpe mkono kwanza. Alimweleza yote pale pale kwenye matuta, naye mama akasikiliza akiwa amesimama, jembe limeegemea mguu wake. Mimi nilisimama pembeni nikitamani ardhi inimeze kwa niaba ya kaka yangu. Mama hakulia. Aliuliza kama Remmy alikuwa na homa kweli, akaambiwa ndiyo. Aliuliza kama aliomba zile mbao, akaambiwa ndiyo. Kisha akasema, na maneno yake nimeruhusiwa na yeye mwenyewe kuyasoma, "Yule kijana wa Lugarawa alikuja hapa kuniomba radhi nikamfungia mlango. Nimemlaani miaka yote hii. Nenda ukamwambie. Ukimaliza urudi hapa, usimame pale kaburini uliposimama, useme watu wasikie, maana ulichosoma siku ile walikisikia watu."

Hakutukaribisha ndani, tukaondoka.

Lugarawa tulimkuta Ambrosi akifyatua matofali karibu na mto. Alikuwa hajaoa, hakuwa na urafiki na watu, na tulielezwa baadaye kwamba hata nduguze walikuwa hawampi kazi ya kuwasha moto jikoni, si kwa ubaya, ila kwa kuwa mwenyewe aliuogopa. Marehemu alipomwambia kwamba kifo cha Remmy kilianzia kwenye kikao, si kwenye jiko, na kwamba yeye meja alikaa mbele ya bodi akaacha mtu asiye na hatia afukuzwe, Ambrosi aliendelea kufyatua tofali lililokuwa kwenye fremu mpaka likatoka, akaliweka chini, akasema, "Nilidhani ni mimi niliyemuua, afande. Kila nikiamka nilikuwa naanza na hilo." Marehemu alinyoosha mkono, Ambrosi hakuupokea. Alisema kwamba Ipelele atakwenda, lakini hataki kwenda na sisi.

Alikwenda peke yake, na Mama Esnath alimfungulia mlango.

Marehemu alirudi Ipelele Jumapili ya tarehe 13 Oktoba 2019, akasimama kaburini baada ya ibada, safari hii akiwa na koti la kawaida, akasema mbele ya kijiji kizima kwamba Remmy hakukosa, kwamba hanga halikukalika, na kwamba aliyesema linakalika ni yeye kwa kuogopa kupoteza cheo. Vijana wa pale walikasirika, mmoja alimshika koti akamsukuma hadi akaanguka kwenye matope, nami nilitaka kuingilia, marehemu akanikataza kwa mkono. Wazee ndio waliowatuliza. Alirudi Makambako na matope yake, hakutaka kuyafuta njiani.

Baada ya hapo alianza kazi ambayo aliifanya mpaka alipoishiwa nguvu. Alikula kiapo, akapeleka maelezo mapya kwenye ofisi zinazohusika, akiomba uchunguzi ule urekebishwe. Alijibiwa kwamba suala limefungwa. Akarudi. Wenzake wastaafu walimshauri aache, wakamwambia anajichafulia jina na kuliaibisha jeshi, wengine wakaacha kumsalimia, na ni haki niseme kwamba wapo pia waliomsaidia kimya kimya, wakamwelekeza mlango wa kubisha. Mwaka 2022 rafiki yake mmoja alimwalika kuzungumza na maafisa vijana wa majengo, akawaambia kwamba gari likiharibika barua huandikwa siku hiyo hiyo, lakini askari akilala kwenye maji huambiwa avumilie, na kwamba wao ndio watakaoulizwa kikaoni kipi kianze, wasijibu kwa kutafuta watu wacheke. Geofrey alipokuja likizo yake ya kwanza, baba yake alimwuliza habari za madirisha kabla ya kumwuliza habari za kazi. Geofrey akamjibu kwamba ya vioo yapo, mengine yamepasuka. Siku ya pili marehemu akaenda tena kwenye zile ofisi, safari hii kuulizia madirisha ya watoto wa watu wengine.

Mwezi Mei mwaka 2023 jibu lilikuja. Kufukuzwa kwa Ambrosi kulifutwa, ikaandikwa kwamba aliachishwa kazi bila kosa, akapata stahili zake, na sasa ana mke na mtoto wa kike, tunamshukuru Mungu. Yuko hapa leo, alifika jana mchana. Hajatuambia kama amemsamehe kaka yetu, na familia imekubaliana kwamba hakuna atakayemwuliza.

Kwa upande wa Remmy, taarifa ile iliyosomwa kaburini haijarekebishwa mpaka leo. Marehemu alikufa akiwa anaidai.

Ugonjwa ulianza mwezi Agosti mwaka jana, akawa anachoka na kupungua mwili, akapimwa hospitali ya Ilembula, akapewa rufaa kwenda Mbeya, ikagundulika kwamba ana saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Alitibiwa Mbeya hadi Januari, akaomba arudishwe karibu na nyumbani, na tangu mwezi wa nne alikuwa akiingia na kutoka Ilembula. Alivumilia maumivu, hakuwa mlalamishi, ila alikataa mablanketi ya ziada. Sisi tulijua sababu, tukawaomba wauguzi wamfunike akishasinzia.

Tarehe 5 Juni, siku ya Alhamisi, Mama Esnath alifika hospitali, amesafiri kutoka Ipelele na binti wa dada yake, hakuna aliyemwita, alisikia tu habari. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Marehemu alimtambua, akajaribu kujiinua, akashindwa, akamwomba msamaha, jambo ambalo, kwa ajabu, hakuwa amewahi kulifanya katika miaka yote ile, alikuwa akimweleza ukweli na kumtumikia lakini neno lenyewe lilikuwa halijamtoka. Mama Esnath alimjibu, "Hilo la kusamehe niachie, bado nalifanyia kazi. Nimekuja kwa sababu sitaki ufe umekaa peke yako na jambo hili. Jambo hili ni langu pia."

Alikaa naye mpaka jioni, akamsaidia shemeji yangu kumgeuza. Alirudi tena Jumatatu. Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, kaka yetu alipumua kwa mara ya mwisho, mkewe na watoto wake wakiwa wamemzunguka, na Mama Esnath akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Kuna jambo moja zaidi aliloagiza. Kwa kuwa siku ya maziko ya Remmy hakuna aliyesoma maisha yake, ilisomwa karatasi ya makosa tu, aliomba kwamba mbele ya maafisa watakaokuja kumzika yeye, lisemwe hivi, nami nasema kwa kibali cha mama yake. Remmy Tweve alizaliwa tarehe 22 Aprili 1987 kijijini Ipelele, akasoma hapo mpaka darasa la saba, akajifunza useremala, akaandikishwa jeshini mwaka 2007, akafanya kazi nzuri. Alifariki tarehe 12 Julai 2011 akiwa mgonjwa, kwa sababu mahali alipopewa pa kulala hapakumfaa binadamu. Hakukiuka taratibu zozote. Maafisa, tunawaomba mpeleke maneno haya mliyoyasikia kwa waliowatuma, na sisi watoto na wadogo wa marehemu tutayafuatilia, kwa kuwa ameturithisha kazi hiyo pamoja na nyumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ilembula na wa Mbeya kwa upole wao, hata pale ambapo hawakuwa na dawa zaidi ya upole. Tunawashukuru majirani wa Lyamkena mlioleta kuni, maturubai, viazi na mahindi kabla hatujaomba, na ambao najua mwaka huu mmetoa majiko yenu nje bila kufuatwa. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, wale waliokuwa naye na wale waliomkasirikia kisha wakaja leo. Tunaushukuru usharika, kwaya, na wachimba kaburi ambao ardhi hii ya Juni imewatesa. Ambrosi, tunakushukuru kwa kuja. Mama Esnath, kwako hatuna neno linalofika, tunakuinamia.

Kaka yangu, Meja Elius, mikono yetu inaishia hapa, kwingine utakwenda mwenyewe. Kapumzike kwa amani, kama utapewa. Na ukimkuta yule kijana huko, usisubiri yeye asimame kwa heshima, wewe ndiye umpigie saluti kwanza.